Hesabu za diskriti mwaka wa kwanza: kwa nini vijana wa kompyuta wanasapu, na tuanzie wapi kuwafundisha?

Loleza_Juu (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Niko Mbeya, pande za Iyunga. Kazi yangu ni mifumo ya kompyuta, ila Jumamosi nakaa na vijana wa mwaka wa kwanza wanaosoma sayansi ya kompyuta, tunapiga hesabu. Wengi wanakuja wakijua kozi itakayowatoa jasho ni programu. Wapi! Inayowaangusha ni hesabu za diskriti. Unakuta kijana katoka Advance na PCM yake safi, integresheni anaichapa huku anapiga stori, anapewa karatasi isiyo na integresheni hata moja na anasapu, yaani anarudia mtihani. Aliyesoma BAM, ile hesabu nyepesi ya Advance, au aliyepitia diploma, yeye anakata tamaa hata tesiti ya kwanza haijafika.

Nauweka msimamo wangu hapa, anayetaka kuupiga aupige. Mada zenyewe si ngumu. Seti tumezisoma Form Two. Mantiki na majedwali ya ukweli, wa Advanced Maths waliyagusa Form Five. Kinachowamaliza ni mazoea. Miaka yote huyu mtoto kafundishwa kwamba hesabu ni kutafuta fomula, kuweka namba, kupata jibu na kulipigia mistari miwili chini. Diskriti inamwambia: soma sentensi hii, sema ni kweli au uongo, kisha tushawishi. Hajawahi kuulizwa hivyo. Basi anafanya anachokijua, anakariri. Anakariri jedwali, anakariri hatua za indaksheni (kuthibitisha kwa kusogea hatua moja moja), anabeba madesa ya waliomtangulia. Swali likigeuzwa neno moja kwenye UE, mtihani wa mwisho wa chuo, kwisha habari.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: ni hesabu za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Kauli za kweli na uongo, seti, uhusiano, njia za kupanga na kuchagua, namba kamili, mitandao ya vituo na njia. Kompyuta ndani yake haina mkunjo laini wa kuchora, ina 0 na 1, kwa hiyo hesabu zake ndizo hizi.

Vijana wangu naanza nao na swali moja kabla sijaandika alama yoyote ubaoni. Jaribuni na nyie.

Kadi nne ziko mezani. Kila moja ina herufi upande mmoja na namba upande wa pili. Unaona A, K, 4 na 7. Kanuni inasema: kama upande mmoja kuna irabu, basi upande wa pili kuna namba shufwa. Ugeuze kadi zipi tu ili ujue kama kanuni imefuatwa?

Msiingie Google. Nangoja.

Dereva_wa_Tunduma

A na 4. Lete swali gumu.

Parachichi_Rungwe

Nimekaa siti ya mbele na kikombe cha chai ya Tukuyu, naona wenye GPA zao wanakuja.

binti_Gangilonga

Kaka mimi nasema A peke yake. Niko mwaka wa kwanza hapa Iringa, na kozi hii ndiyo inaninyima usingizi. Uzi umekuja wakati wake.

Loleza_Juu

Wote wawili bado. Msijisikie vibaya, swali hili lilitungwa na Peter Wason, mwanasaikolojia wa Uingereza, miaka ya 1960, na tangu wakati huo watu wazima wenye digrii wanalikosa kila linapoulizwa.

Dereva, nikuulize kwa lugha ya barabarani. Upo kwenye kizuizi, wewe ndiye askari. Sheria: gari likibeba mbao, lazima liwe na kibali. Magari manne. La kwanza unaona limebeba mbao, karatasi hujaziona. La pili limebeba viazi. La tatu dereva kakuonyesha kibali cha mbao, ila turubai limefunikwa. La nne dereva kasema hana kibali chochote, na turubai limefunikwa. Unakagua yapi?

Dereva_wa_Tunduma

Hilo nalo swali? La mbao, nione kibali chake. Na lile lisilo na kibali, nifunue turubai nione kabeba nini. Wa viazi ananihusu nini? Na mwenye kibali abebe anachotaka, hata akibeba parachichi sijamkamata na kosa.

Loleza_Juu

Umepata, na hukusita. Sasa rudi kwenye kadi. Irabu ni mbao, namba shufwa ni kibali.

Dereva_wa_Tunduma

Aisee. A na 7. Hiyo 7 ndiyo gari lisilo na kibali.

Loleza_Juu

Ndiyo hivyo. Swali ni lilelile, mantiki ni ileile. Watafiti wawili, Griggs na Cox, walionyesha mwaka 1982 kwamba ukiligeuza swali la Wason likawa sheria ya umri wa kunywa pombe, watu waliokuwa wanalikosa wanalipata. Na hapo ndipo nawagombeza wafundishaji wenzangu: mnaanza na p, q (herufi za kusimamia kauli) na mshale wa "kama p basi q", mtoto hana gari wala turubai kichwani, halafu mnashangaa anakariri.

binti_Gangilonga

Naomba niulize ninachoona aibu kuuliza darasani. Jedwali la "kama p basi q" linasema p ikiwa uongo, kauli nzima ni KWELI. Kila nikilitazama naona kama wametuonea. Inakuwaje kweli wakati p yenyewe haipo?

Dereva_wa_Tunduma

Dada, mimi nimepakia viazi Njombe. Askari ananisimamisha, ananidai kibali cha mbao. Sheria ya mbao nimeivunja?

binti_Gangilonga

Hujaivunja.

Dereva_wa_Tunduma

Basi. Nilikuwa na kibali sina kibali, sijavunja. Unaivunja kwa njia moja tu, mbao bila kibali.

Mkufunzi_Kihesa

Nimefundisha kozi hii muda mrefu na nakiri maelezo ya dereva ni mafupi kuliko ninayotoa mimi. Mistari minne ya jedwali ni aina nne za magari: mbao na kibali, mbao bila kibali, viazi na kibali, viazi bila kibali. Mmoja tu ni kosa: p kweli, q uongo. Mitatu iliyobaki haina kosa, na kwenye mantiki hii isiyo ya uongo ni ya kweli, hakuna chumba cha tatu.

Ila mleta uzi, nina neno na wewe. Mafumbo ni mazuri siku ya kwanza. Siku ya pili mwanafunzi lazima akae na alama, hakuna njia ya mkato. Chukua sentensi hizi mbili: "Kwa kila mwanafunzi yupo mkufunzi anayemsimamia." Na hii: "Yupo mkufunzi anayemsimamia kila mwanafunzi." Nikizisoma kwa haraka darasani, nusu wanatikisa kichwa kwamba ni kitu kimoja. Ya kwanza inaruhusu kila mtu awe na msimamizi wake. Ya pili inasema kuna mtu mmoja kabeba chuo kizima mgongoni. Tofauti yote imekaa kwenye mpangilio wa "kwa kila" na "yupo". Ukiziandika kwa alama, tofauti inajitokeza yenyewe. Ukibaki na hadithi za malori, inajificha.

Mimi naanza na mantiki wiki tatu nzima, ndipo seti, ndipo uthibitisho. Asiyejua kusoma "kwa kila" hawezi hata kusoma maana ya funksheni.

Loleza_Juu

Mwalimu shikamoo. Alama sizikatai, nakataa zije kabla ya kiu. Na wiki tatu za mantiki tupu kwa mtoto aliyeripoti juzi bado anatafuta geto na bumu la mkopo halijaingia, utampoteza.

Mimi baada ya fumbo naenda kwenye kuhesabu. Namba ya siri ya pesa ya simu ina tarakimu 4. Zipo namba za siri ngapi? Kila nafasi ina uchaguzi wa 10, kwa hiyo 10 × 10 × 10 × 10, ni 10,000. Hapo hakuna anayelalamika. Halafu nauliza: ngapi zina tarakimu inayojirudia angalau mara moja? Hapo kelele zinaanza. Mmoja anahesabu zenye jozi, mwingine zenye tatu zinazofanana, wanachanganya, wanahesabu namba moja mara mbili. Nawaacha wagombane. Mwishowe kuna anayesema, "Si tuhesabu zisizojirudia, tutoe?" Zisizojirudia ni 10 × 9 × 8 × 7, yaani 5,040. Zilizobaki ni 4,960. Yule kijana kajigundulia mwenyewe kanuni ya kijalizo cha seti, yaani vyote vilivyobaki nje yake, sikumfundisha. Sasa nikiandika alama yake ubaoni ana pa kuiweka.

Na hapohapo namalizia na hili: watu 10,001 wakiwa na namba za siri za tarakimu 4, wapo angalau wawili wenye namba ileile. Hatuwajui, hatujawauliza, na tuna uhakika. Hesabu ya darasa la nne imetoa uthibitisho wa kweli. Wanaiita kanuni ya vibanda vya njiwa, na inahusishwa na Dirichlet, mwanahisabati wa karne ya 19.

FundiSeva

Nimesoma kimya nikashindwa. Mimi natengeneza mifumo hapa Mbeya, ya maduka, ya saccos, ya vyama vya wakulima. Mteja analipa, familia inakula. Mara ya mwisho kutumia indaksheni ilikuwa kwenye chumba cha UE. Hizi kozi zipo kuwapa watu ajira ya kufundisha. Mfundisheni mtoto kuandika programu, basi.

Mkufunzi_Kihesa

Mwanangu, mwanahisabati George Boole alipochapa kitabu chake cha sheria za fikra mwaka 1854, hakukuwa na hata balbu ya umeme sokoni. Angekusikiliza angeacha. Mwaka 1937 kijana wa miaka 21, Claude Shannon, akiwa chuo cha MIT kule Marekani, akaandika tasnifu ya shahada ya uzamili akionyesha kwamba aljebra ya Boole, yaani hesabu za kweli na uongo, ndiyo inayotawala saketi za swichi. Simu uliyoshika wakati unaandika hayo imejaa kazi yao.

FundiSeva

Mwalimu nashukuru kwa historia. Mimi sitengenezi saketi, natengeneza fomu za mikopo.

Loleza_Juu

Basi tuongelee fomu. Niliitwa kurekebisha mfumo wa hosteli moja, sitaji ya nani. Sharti la kuingia ni mpangaji awe amelipa NA awe na kitambulisho. Aliyeandika programu alitaka kumzuia asiyetimiza. Akaandika:

kama (hajalipa NA hana kitambulisho) mzuie

Ukisoma haraka iko sawa kabisa. Imepita majaribio pia, maana aliyejaribu alijaribu mtu aliyekamilika na mtu asiye na chochote. Muhula mzima, mwenye kitambulisho ambaye hajalipa hata shilingi alikuwa anapita mlangoni kifua mbele. Kinyume cha "A na B" ni "si A AU si B". Hiyo ni sheria ya Augustus De Morgan, mwanahisabati wa karne ya 19. Badilisha NA moja iwe AU, mhasibu analala.

FundiSeva

Hiyo ni akili ya kawaida, haihitaji kozi.

Loleza_Juu

Akili ya kawaida ndiyo iliyoandika ule mstari, mkuu.

Parachichi_Rungwe

😂😂😂 Nimemwaga chai.

FundiSeva

Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu. Lakini bado indaksheni hamjaigusa, na mimi nasubiri.

binti_Gangilonga

Hata mimi nasubiri hiyo. Swali letu la wiki hii: thibitisha kwamba jumla ya namba witiri n za mwanzo ni n². Nimefanya hivi: 1 = 1. 1 + 3 = 4. 1 + 3 + 5 = 9. 1 + 3 + 5 + 7 = 16. Zote zimekubali, kwa hiyo kauli ni kweli. Nimepewa 1 kati ya 6. Nikaenda kuuliza nikaambiwa "soma nukuu". Nimezisoma.

Loleza_Juu

Dada, hiyo 1 umepewa kwa haki, ila jibu la "soma nukuu" si jibu. Tizama hili kwanza.

Chukua n² + n + 41. Weka n = 0, unapata 41, namba tasa. Weka 1, unapata 43, tasa. 2 inatoa 47, tasa. 3 inatoa 53, tasa. Endelea. 10 inatoa 151, tasa. 20 inatoa 461, tasa. 30 inatoa 971, tasa. Ungeshaandika "zote zimekubali" na kwenda kulala. Euler, mwanahisabati wa karne ya 18, ndiye aliyeiona hii. Inakubali mfululizo hadi n = 39. Sasa weka 40: 40² + 40 + 41. Mbili za mwanzo ni 40 × 41, ongeza 41 nyingine, unapata 41 × 41. Si tasa. Majaribio arobaini yalikubali na kauli ni ya uongo.

Kwa hiyo mifano minne uliyofanya haijathibitisha kitu. Imekuonyesha tu kwamba kauli inafaa kuhangaikiwa.

Sasa indaksheni. Usitafute fomula. Uliza swali moja: kama mtu amenipa uhakika hadi hatua k, naweza kusogea hatua moja bila kumuuliza tena? Tuseme tayari ni kweli kwamba 1 + 3 + … + (2k − 1) = k². Namba witiri inayofuata ni 2k + 1. Iongeze pande zote mbili. Kulia unapata k² + 2k + 1, na hiyo ni (k + 1)². Umesogea. Na pa kuanzia unapo, maana 1 = 1². Anza kwenye 1, sogea hadi 2, hadi 3, huishiwi.

Chukua mbegu za mahindi kama uko nyumbani. Weka moja. Izungushie tatu upande wa kulia na juu, umepata mraba wa mbili kwa mbili. Zungushia tano, mraba wa tatu kwa tatu. Kila mara kona mpya inameza namba witiri inayofuata. Ukiuona huo mraba unavyokua, hutakariri tena.

Mkufunzi_Kihesa

Niongeze kosa ninaloliona kila mwaka kwenye karatasi. Mwanafunzi anaandika mstari wa kwanza kabisa: 1 + 3 + … + (2k + 1) = (k + 1)². Hicho ndicho anachotakiwa kukifikia, yeye kakiweka mlangoni, halafu anapangua pande zote mbili hadi zifanane, anaandika "imethibitika". Kaanza na jibu kalifikia jibu. Andikeni upande wa kushoto peke yake, usogezeni hatua kwa hatua, na kila mnapotumia dhana ya k semeni wazi "kwa dhana yetu". Maneno hayo matatu yana alama.

binti_Gangilonga

Mbona hakuna aliyewahi kutuambia hivi. Asanteni sana mwalimu, na kaka pia.

FundiSeva

Sawa, imeeleweka. Inanisaidia nini kazini?

Loleza_Juu

Umewahi kuandika funksheni inayojiita yenyewe?

FundiSeva

Naam. Menyu zenye menyu ndani yake, akaunti zenye akaunti ndogo.

Loleza_Juu

Unajuaje kwamba haitajiita milele hadi seva ife?

FundiSeva

Naweka pa kusimamia. Na kila inapojiita inapewa kipande kidogo kuliko cha mwanzo.

Loleza_Juu

Pa kusimamia ni n = 1. Kipande kidogo ni hatua ya k kwenda k + 1, ikisomwa kinyumenyume. Unaifanya kila siku, mkuu.

FundiSeva

Mmh. Naandika lakini siiti hivyo. Haya, na mimi niulize kitu nilichokitumia miaka yote bila kujua ndani kuna nini. Tovuti zenye kufuli, ufunguo wa wazi na ufunguo wa siri. Inawezekanaje kila mtu ajue ufunguo wa kufungia halafu asiweze kufungua?

Mkufunzi_Kihesa

Hapa nimefurahi. Chukua karatasi.

Chagua namba tasa mbili, tuseme 3 na 11. Zidisha, 33. Hiyo 33 itangaze hadharani. Toa moja kwenye kila namba tasa, 2 na 10, zidisha, 20. Hiyo 20 ficha. Chagua 3 kuwa ufunguo wa wazi. Tafuta namba ambayo ukiizidisha na 3 kisha ukagawanya kwa 20, inabaki 1. Ni 7, kwa sababu 21 inabakiza 1. Hiyo 7 ndiyo siri yako.

Mtu anataka kukutumia ujumbe, namba 4. Anafanya 4 × 4 × 4 = 64, anagawanya kwa 33, inabaki 31. Anakutumia 31, kila mtu aione. Wewe unaipandisha 31 kwa kipeo cha 7, unagawanya kwa 33, unachukua baki. Usiogope ukubwa: kwa habari ya baki, 31 ni sawa na −2, maana inapungua mbili kufika 33. (−2) kwa kipeo cha 7 ni −128. Ongeza 132, ambayo ni 33 mara nne. Unapata 4. Ujumbe umefika.

Anayetaka kukuibia anajua 33 na 3. Akitaka 7 lazima apate 20, na akitaka 20 lazima aigawe 33 iwe 3 na 11. Hapa anaigawa kwa jicho. Namba zinazotumika kazini zina mamia ya tarakimu, na hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kuzipasua kwa kompyuta tulizonazo. Watafiti watatu, Rivest, Shamir na Adleman, waliitoa njia hii mwaka 1977. Clifford Cocks, akiwa kwenye idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza, alikuwa ameshaipata mwaka 1973, ila ikafichwa hadi 1997.

FundiSeva

Nimeifanya kwenye risiti ya mafuta. 4 imetoka. Aisee.

Dereva_wa_Tunduma

Mimi nimeachwa kwenye −2. Rudini barabarani.

Loleza_Juu

Turudi. Chora vituo: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Songea, Uyole, Mbeya mjini, Tunduma, Tukuyu, Kyela. Chora njia kuu zinazoviunganisha. Iringa–Mafinga, Mafinga–Makambako, Makambako–Njombe, Njombe–Songea, Makambako–Uyole, Uyole–Mbeya mjini, Mbeya mjini–Tunduma, Uyole–Tukuyu, Tukuyu–Kyela. Vituo 10, njia 9. Mchoro kama huu wa vituo na njia unaitwa grafu. Grafu iliyoungana yote, yenye njia pungufu kwa moja kuliko vituo, inaitwa mti, na haina mzunguko hata mmoja. Lori likilala kati ya Makambako na Uyole, nini kinatokea?

Dereva_wa_Tunduma

Tunalala. Nimelala huko na baridi yake, usinikumbushe.

Loleza_Juu

Ndiyo tabia ya mti. Ukikata njia yoyote, grafu inapasuka vipande viwili. Anayepanga mtandao wa kompyuta za ofisi akichora mti, waya mmoja ukikatika kuna watu wanapotea hewani.

Parachichi_Rungwe

Mbona umeiruka ya Makete? Kutoka Njombe unapita Makete unatokea Isyonje, kwenye barabara ya Tukuyu.

Loleza_Juu

Nilikuwa naingoja hiyo! Ongeza vituo viwili, Makete na Isyonje. Uyole–Tukuyu inagawanyika kuwa Uyole–Isyonje na Isyonje–Tukuyu. Ongeza Njombe–Makete na Makete–Isyonje. Sasa vituo 12, njia 12. Si mti tena, kuna mzunguko mmoja: Makambako, Njombe, Makete, Isyonje, Uyole, hadi Makambako. Lori likilala Igawa unayo njia ya pembeni, hata kama ni ya milima.

Dereva_wa_Tunduma

Na semi treila mle? Nenda wewe.

Mkufunzi_Kihesa

Dereva kaleta grafu yenye uzito kwenye njia bila kuambiwa. Kila njia ina gharama yake: kilomita, saa, mafuta, mlima. Kutafuta njia yenye gharama ndogo, mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra alichapa utaratibu wake mwaka 1959, na bado unafundishwa.

Swali la haraka kwa binti: kwenye grafu ya kwanza ya mleta uzi, lori linaweza kupita kila njia mara moja tu bila kurudia?

binti_Gangilonga

Nahesabu njia zinazogusa kila kituo. Iringa 1, Mafinga 2, Makambako 3, Njombe 2, Songea 1, Uyole 3, Mbeya 2, Tunduma 1, Tukuyu 2, Kyela 1. Zenye witiri ni Iringa, Makambako, Songea, Uyole, Tunduma na Kyela, sita. Kituo cha katikati ukiingia lazima utoke, kwa hiyo njia zake zinakwenda mbilimbili. Witiri zinaruhusiwa mbili tu, pa kuanzia na pa kumalizia. Kwa hiyo haiwezekani.

Mkufunzi_Kihesa

Hiyo ndiyo hoja ya Euler ya mwaka 1736 kuhusu madaraja 7 ya mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad. Kule sehemu zote nne za mji zilikuwa na witiri. Na hukutumia fomula yoyote.

Parachichi_Rungwe

Na reli ya TAZARA? Nayo inapita Makambako inakuja Mbeya.

Loleza_Juu

Ukiiingiza, inakuwa grafu yenye aina mbili za njia, na tutakesha. Tuiache kwa wa mwaka wa pili.

Ule uhusiano nilioutaja mwanzoni: kwa kifupi, jedwali la kanzidata ni uhusiano kwa maana ya hesabu, ni seti ndogo ya zao la seti (kila kitu cha seti moja kikiunganishwa na kila kitu cha nyingine). Edgar Codd alilisema hilo mwaka 1970 akiwa kampuni ya kompyuta ya IBM. Ukiunganisha jedwali la wanafunzi 2,000 na la kozi 60 ukasahau sharti, unapata safu 120,000, na bosi anauliza kwa nini ripoti haifunguki. Mengine ya uhusiano nitayafungulia uzi wake.

FundiSeva

Hilo la safu limenikuta. Nilidhani ni seva.

Naondoa neno la "ajira ya kufundisha". Ila nabaki na moja: mnavyofundisha hapa sivyo tulivyofundishwa. Sisi tulipewa slaidi, tukapiga picha, tukasapu.

Mkufunzi_Kihesa

Darasa la watu mia tatu na maiki inayokwaruza, utafanya mbegu za mahindi? Nami natamani. Semina za watu kumi na tano zikirudi, nitaleta malori yenu.

binti_Gangilonga

Walimu, nimejaribu swali linalofuata. Thibitisha n³ − n inagawanyika kwa 3 kwa kila n.

n = 1: 1 − 1 = 0, inagawanyika.
Tuseme k³ − k inagawanyika kwa 3.
(k + 1)³ − (k + 1) = k³ + 3k² + 3k + 1 − k − 1
= (k³ − k) + 3(k² + k)
Sehemu ya kwanza inagawanyika kwa 3 kwa dhana yetu. Ya pili ina 3 nje ya mabano. Jumla yake inagawanyika.

Mkufunzi_Kihesa

6 kati ya 6. Sasa fanya bila indaksheni. Vunja n³ − n iwe vigawo, kisha niambie kwa nini inagawanyika hata kwa 6.

binti_Gangilonga

n(n² − 1) … (n − 1) × n × (n + 1). Namba tatu zinazofuatana! Moja lazima igawanyike kwa 3, na angalau moja ni shufwa. 2 na 3 hazina kigawo cha pamoja zaidi ya 1, kwa hiyo 6.

Loleza_Juu

Imekaa. Hiyo sentensi ya mwisho usiiache kwenye pepa, ndiyo wengi wanaisahau: inagawanyika kwa 4 na kwa 6 haimaanishi kwa 24, angalia 12.

Dereva_wa_Tunduma

Niko Chimala napata chai. Nimejaribu na 5: 125 toa 5 ni 120. Gawa kwa 6, ishirini. Na 7: 343 toa 7 ni 336, ni 56. Najua najua, mifano haithibitishi. Napiga tu.